Kupamba chumba na sebule kwa fedha kidogo: mwongozo kwa mpangaji wa Dar es Salaam

Mtu anayehamia chumba na sebule jijini Dar es Salaam huwa ameshalipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, pengine na fedha ya dalali juu yake, na kinachobaki mfukoni ndicho kitakachonunua kitanda, godoro, mapazia na kila kitu kingine. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaanza na sebule kwa sababu ndiyo inayoonwa na wageni, tunaagiza seti nzima ya makochi, kisha tunalala kwenye godoro jembamba juu ya sakafu mwaka mzima. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unaanza na vipimo vya chumba, unakwenda kwenye vile vinavyogusa mwili wako kila siku, na mapambo unayaachia kitambaa, mkeka, ukuta na mwanga, vitu vya bei nafuu ambavyo watu wa pwani hii wamevitumia kwa karne nyingi kupendezesha vyumba visivyo vikubwa kuliko vyetu.

Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nao kwa kawaida haukufika hata mita 3. Chumba kilikuwa kirefu lakini chembamba, kwa hiyo wenyeji hawakujaza sakafu: walijenga vidaka ndani ya ukuta, au zidaka kama wasemavyo Lamu, wakavipamba kwa lipu ya chokaa na kupanga humo sahani na vyombo vya thamani, huku chini wakitandika mikeka. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 nacho ni mita 3 hivi kila upande. Tatizo letu ni lile lile, na sehemu kubwa ya jibu tumeirithi.

Pima kabla ya kutoa shilingi

Nunua tepu ya kupimia kabla ya kitu kingine chochote. Andika katika daftari urefu na upana wa kila chumba, upana na kimo cha kila mlango pamoja na geti la chuma la nje, mahali dirisha linapoanzia kutoka sakafuni, mahali zilipo soketi za umeme, na upande ambao kila mlango unafungukia. Kisha chukua chaki uchore kitanda sakafuni kwa ukubwa wake halisi, utembee kukizunguka, ufungue mlango, uiname kama mtu anayetandika shuka.

Zoezi hilo la chaki litakuonyesha kwa nini kitanda cha tano kwa sita kinafaa chumba cha futi 10 kuliko cha sita kwa sita. Godoro likiwa na upana wa futi 5, kitanda chenyewe pamoja na mbao zake hufika futi 5 na nusu. Weka upande wa pili kabati lenye kina cha futi 2, utabakiwa na njia ya futi 2 na nusu, inayomtosha mtu kupita na mlango wa kabati kufunguka. Ukichukua sita kwa sita, njia hiyo inabaki futi 1 na nusu, na kila asubuhi utavaa nguo ukiwa umekaa kitandani kwa sababu pa kusimama hapapo.

Mimi somo hili nililipia. Nilipopanga kwa mara ya kwanza niliagiza kwa fundi seti ya makochi ya watu saba, yaani la watu watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, kwa ajili ya sebule ya futi 10 kwa 12. Siku ya kuletwa, kochi kubwa halikupita mlangoni. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukang'oa geti, hatimaye fundi akakata miguu na kufungua mkono mmoja, akaja kuuunga tena ndani, na tangu siku hiyo mkono ule haukutulia. Seti yote ilipoingia, meza haikupata nafasi, na watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kukaa. Baada ya miezi minane niliiuza kwa bei isiyofika nusu ya niliyolipa, na fedha niliyopoteza ingetosha kununua godoro zuri ambalo wakati huo sikuwa nalo.

Kitanda na godoro

Kama ningeambiwa nigawe shilingi 100 za kuanzia maisha, 40 ningeziweka kwenye kitanda, godoro na chandarua, 20 kwenye viti, 15 kwenye kabati na rafu, 10 kwenye mapazia, 10 kwenye rangi na taa, na 5 ningezishika kwa usafiri na dharura. Mgawanyo huo si sheria, lakini mtu anayeweka chini ya theluthi moja mahali pa kulala atakuja kuujutia mgongo wake.

Kwa kitanda kipya, Keko ni mahali panapojulikana na kila mtu jijini, na mitaa mingine mingi ina karakana zake pembezoni mwa barabara. Usivutwe na vanishi inayong'aa. Uliza ni mbao gani, kisha uinue ubao wenyewe. Mninga na mkongo ni mbao ngumu, hudumu miaka mingi na mchwa huzisumbua kidogo, ila bei yake iko juu. Paini, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mashamba ya miti ya Iringa, hasa Sao Hill wilayani Mufindi, ni nafuu na inatosha kabisa kwa kitanda kizuri, mradi iwe imekauka na imetiwa dawa. Ubao mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana, ukiugusa una ubaridi, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole unatoa sauti nzito iliyoziba. Ubao mkavu unalia. Kitanda cha mbao mbichi hupinda baada ya miezi michache, na droo zilizotengenezwa kwa mbao hizo hukwama wakati wa masika na kulegea wakati wa kiangazi.

Baada ya mbao, tazama viungo. Mahali mfumbati, yaani ubao mrefu wa ubavuni, unapokutana na tendegu, yaani mguu wa kitanda, ubao mmoja unapaswa kuchongwa ulimi unaoingia katika tundu la mwingine, au viungwe kwa bolti nene zenye nati, si misumari peke yake. Piga magoti uchungulie chini. Chaga ziwe na unene usiopungua robo tatu ya inchi, nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3, na kitanda cha futi 5 kiwe na ubao wa katikati wenye mguu wake unaofika sakafuni. Chaga zikiachana sana, godoro huzama katikati ya mianya na kuharibika kabla ya wakati wake, hata likiwa la bei kubwa.

Godoro nalo lina kipimo ambacho wanunuzi wengi hawakitumii, nacho ni mizani. Sponji yenye ubora mdogo ina hewa nyingi na malighafi kidogo, kwa hiyo ni nyepesi. Godoro la tano kwa sita lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.57, likitengenezwa kwa sponji yenye kilo 20 kwa kila mita ya ujazo litakuwa na kilo 11 hivi, na likiwa la kilo 30 kwa mita ya ujazo litakaribia kilo 17. Omba kulinyanyua, linganisha na la jirani yake lenye ukubwa ule ule, na kama duka lina mizani usione haya kuomba lipimwe. Baada ya hapo likandamize kwa goti kwa muda wa nusu dakika. Linapaswa kurudi juu mara tu unapoondoka. Kati ya godoro jepesi la inchi 10 na zito la inchi 6, chukua lile zito.

Godoro lililotumika usinunue, hata kama muuzaji ni mtu unayemheshimu. Kunguni hujificha kwenye mishono, nao wakishaingia ndani ya nyumba gharama ya kuwatoa hupita kile ulichookoa.

Vilivyotumika: vipi vichukuliwe, vipi viachwe

Kwa upande mwingine, kabati, meza, stuli, rafu na viti vya mbao visivyo na sponji ni vitu ambavyo ningemshauri kila mwenye kipato kidogo avitafute kwa watu wanaohama. Mtu anayerudi mkoani au anayemaliza mkataba wa kazi huuza haraka, na mninga wa miaka 15 bado ni mninga. Nenda mchana, ukiwa na tochi. Mulika nyuma ya kabati, chini ya droo na kwenye nyufa za viungo. Madoa madogo meusi yaliyojikusanya pembeni mwa ufa ni dalili ya kunguni. Unga laini chini ya mguu, pamoja na vitundu vidogo vya mviringo, ni dalili ya wadudu wanaokula mbao, na kama unga huo ni mpya na unadondoka unapogonga, mshukuru mwenye nyumba uondoke.

Jihadhari zaidi na samani za mbao za kusaga, yaani MDF na chipubodi, zilizowahi kukaa kwenye sakafu yenye unyevu. Joto la unyevunyevu la pwani haliziachi salama. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini kabisa: ukiukuta umevimba na kuwa kama mkate uliolowa, hakuna fundi atakayeurudisha. Hata ukinunua mpya, ziinue kidogo kwa vipande vya plastiki au vya mbao ngumu ili maji ya kudeki yasizifikie.

Meza ya mbao iliyochoka hufufuliwa kwa siku mbili na kazi ya mikono tu. Isugue kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, daima ukifuata mkondo wa mbao, ifute vumbi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, iache ikauke, kisha uipake vanishi nyepesi mara mbili, ukipitisha msasa laini kabisa kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Fanya kazi hiyo nje, kivulini, siku isiyo na upepo wa vumbi.

Ukiamua kuagiza kwa fundi, makubaliano yaandikwe hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: vipimo, aina ya mbao, aina ya sponji, tarehe, na kiasi kilichotangulizwa. Tanguliza fedha ya vifaa tu. Kama ni kochi, mwambie fundi kwa upole kwamba utapita kuliona kabla halijavishwa kitambaa, kwa sababu kitambaa kinaficha mengi: fremu ya mabaki ya mbao, mikanda michache iliyolegea, na maboksi yaliyokunjwa kujaza mikono ya kochi. Fundi mwaminifu hataona vibaya, maana kazi yake itaonekana.

Kukaa chini, na kukaa vizuri

Sebule ya futi 10 kwa 12 haihitaji viti saba. Kochi moja la watu wawili au watatu, stuli mbili zinazoingia chini ya meza, na mkeka mpana wenye mito vinamtosha mtu mwenye familia ndogo na wageni wake. Mkeka, kwa maoni yangu, ndicho kitu kizuri kuliko vyote vinavyopatikana kwa bei yake katika nchi hii, na inanisikitisha kuona tunaupeleka misibani na kwenye sherehe tu huku tukitandika nyumbani zulia la plastiki linalopasuka ndani ya mwaka.

Mkeka wa ukindu husukwa kwanza kama ukili, utepe mrefu wa miaa, yaani majani yaliyochanwa membamba, kisha ukili huo huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu. Unapouchagua, uinue kwenye mwanga: mwanga ukipenya kwenye mishono, umeshonwa kwa haraka. Uvute kwa mikono miwili kukatisha mshono, na usikie kama uzi unakatika. Angalia pia kama rangi inaingia hadi ndani ya miaa au imeishia juu, kwa kusugua kidogo kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ukiwa nyumbani, ukunje kwa kuuviringisha, usiukunje kama shuka, na baada ya kumwagikiwa maji uanike uso juu hadi ukauke kabisa, kwani ukindu uliofunikwa ukiwa mbichi hupata ukungu. Mshono ukiachia, ushone siku hiyo hiyo kwa sindano ya gunia.

Mito ya sakafuni ishonwe kwa vitenge au kwa mabaki ya kitambaa kizito, na ijazwe sufi au vipande vya sponji vinavyouzwa kwa kilo. Sufi ni laini zaidi na haishiki joto, lakini hushikana kwa unyevu. Iweke juani kila baada ya wiki chache, uipigepige, nayo itafumka upya.

Mapazia, kanga na marekani

Pazia lisiloning'inia vizuri mara nyingi lina kosa moja tu: upana haukutosha. Kitambaa kinapaswa kuwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa dirisha ili kipate mikunjo, na bomba la pazia lizidi dirisha kwa angalau sentimita 15 kila upande, ili mchana pazia likae ukutani na dirisha libaki wazi kwa upepo. Ukiweza kulipandisha bomba karibu na dari na kuliacha pazia lishuke hadi karibu na sakafu, chumba kifupi kitaonekana kirefu, bila ya kuongeza kitu kingine.

Mapazia mazito ya mtumba, yanayopatikana katika masoko ya Ilala na kwingineko, mara nyingi yameshonwa vizuri na yana bitana. Yaloweke katika maji ya moto kabla hayajaingia chumbani. Njia ya pili ni kanga. Doti mpya ambayo haijakatwa ina urefu wa takriban mita 3 na kimo cha zaidi kidogo ya mita 1, kwa hiyo kwa dirisha lenye upana wa mita 1.2 na kimo kisichozidi mita 1 inatosha mikunjo yote bila mshono wowote wa katikati: unapinda ncha, unashona njia ya kupitishia bomba juu, basi. Ifue kwanza peke yake, kwani kanga mpya huchuja rangi, na nyuma yake ushonee marekani. Kitambaa hicho cha pamba, kilichopata jina lake kwa sababu zamani kilikuja Unguja kwa merikebu za wafanyabiashara wa Marekani, kitazuia jua lisiichome rangi ya kanga. Chagua kanga kwa mji wake, yaani sehemu ya katikati, na kwa pindo lake, lakini soma na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Utaishi na maneno hayo kila siku, na mgeni atayasoma kabla hujamkaribisha.

Shika rangi mbili au tatu tu kwa nyumba nzima. Kama kanga ya dirishani ni nyekundu na nyeupe, foronya za mito ziokote wekundu ule ule, na vitambaa vya kufuma vya juu ya kochi vibaki vyeupe. Chumba chenye vitu vya bei ndogo vinavyopatana rangi hupendeza kuliko chenye vitu vya gharama vinavyogombana.

Ukuta na mwanga

Mwenye nyumba aulizwe kabla ya rangi, na ikiwezekana akubali gharama hiyo ipunguzwe kwenye kodi; andikianeni. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 32, ukiondoa mlango na dirisha zinabaki 29. Kwa mikono miwili ni mita za mraba 58, na kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10, unahitaji lita 6. Nunua kopo la lita 4 na mawili ya lita moja. Ndoo ya lita 20 itakauka uvunguni. Pale ukuta unapotoa chumvi na kumeguka, rangi mpya itabanduka vilevile: kwangua kwa brashi ya waya, uache ukauke wakati wa kiangazi, uzibe, ndipo upake. Rangi ya mafuta hadi kimo cha mita 1 kutoka chini inasaidia sana penye watoto, kwa sababu hufutika, na kopo liwe limeandikwa kwamba haina madini ya risasi.

Taa ndiyo inayosahaulika. Balbu nyingi za LED zinazouzwa madukani zina mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, ulioandikwa 6500K kwenye boksi, unaofaa jikoni na penye kusomea, lakini sebuleni usiku hufanya hata rangi nzuri ionekane baridi. Tafuta yenye mwanga unaoelekea umanjano, iliyoandikwa 2700K au 3000K. Wati 9 zinatosha chumba kizima, na ukiongeza taa ndogo ya mezani yenye kivuli cha ukili au cha kitambaa cheupe, kona moja itapata utulivu ambao taa ya dari peke yake haiwezi kuuleta.

Kidaka cha siku hizi ni rafu ya ubao mmoja. Matofali ya saruji yenye mchanga mwingi hayashiki msumari, hivyo toboa kwa drili, ingiza plagi ya plastiki, ndipo skrubu ifuate, na pembe za kushikilia ziwe za chuma. Rafu moja juu ya mlango inabeba masanduku yote ambayo yangekaa sakafuni. Nyingine, kwenye kimo cha macho, iachie vitu vichache unavyovipenda, sahani ya bibi, picha, chupa yenye tawi la mmea uliloomba kwa jirani. Maji ya chupa hiyo yabadilishwe kila baada ya siku nne au tano, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika maji masafi yaliyotuama ndani ya nyumba.

Kila unachokifunga, kifunge ukijua siku moja utakifungua. Kitanda kiwe cha bolti, rafu ziwe za skrubu, bomba la pazia liwe la kuchomoka, ili siku ya kuhama vyote viingie kwenye kirikuu kimoja kwa safari moja. Bolti na nati za kitanda zitie kwenye kifuko cha kitambaa pamoja na spana yake, ukifunge kwa kamba kwenye mfumbati wenyewe, na usikiweke kwenye boksi la vyombo, kwa sababu usiku wa kwanza katika nyumba mpya boksi hilo litakuwa chini ya mengine yote.